Ukuta Wenye Hataza Si Lazima Uwe Ukuta Salama

Wakati wa mvua ya masika iliyopita, mzazi mmoja aliingia katika kliniki yangu akiwa amemshika mkono mwanawe wa miaka sita. Ilikuwa mara yao ya tatu katika muda wa majuma saba. Mtoto alikuwa akikohoa usiku kucha na kifua chake kilikuwa kikipiga mluzi. Nilimpima, nikaongeza dawa ya pumu na kumkumbusha mzazi jinsi ya kutumia inhela.

Walipokuwa karibu kuondoka, mzazi alitoa karatasi ya rangi kutoka mfukoni. Ilikuwa tangazo la vibao vya kubandika ukutani. Maandishi makubwa yalisema kwamba vibao hivyo haviungui, vinatoa unyevu nje na vina hataza.

"Daktari," akaniuliza, "ukuta wa chumba cha mtoto umejaa weusi kuanzia chini hadi kiunoni. Nataka kuchukua mkopo wa sacco niufunike kwa vibao hivi. Vimepimwa na serikali, ndiyo sababu vikapewa hataza. Mtoto atapona?"

Nilinyamaza kidogo. Nilikuwa nimemtibu mtoto huyo kwa karibu miaka miwili na sikuwa nimewahi kuuliza lolote kuhusu ukuta anaolala kando yake. Hilo lilikuwa kosa langu. Na kuhusu hataza, niligundua kwamba mzazi huyu aliamini jambo ambalo watu wengi wa mjini huliamini, nalo si kweli.

Wiki hii basi, msomaji mpendwa, tujifunze mambo matatu: unyevu na moto hudhuru mwili kwa njia gani, mkaguzi wa hataza hutazama nini anapoletewa ukuta wa aina mpya, na ni nani hasa anayepima usalama wa ukuta huo.

UNYEVU NA KIFUA

Maji huingia ukutani kwa njia nne. Kwanza ni mvua inayopenya kwenye nyufa au chini ya dirisha. Pili ni maji ya ardhini yanayopanda kupitia mawe na simiti, kama mafuta ya taa yanavyopanda kwenye utambi. Tatu ni bomba linalovuja ndani ya ukuta. Nne ni mvuke wa ndani: pumzi zetu, sufuria jikoni na nguo zinazoanikwa chumbani wakati wa mvua. Mvuke huo ukigusa ukuta baridi hugeuka kuwa matone.

Ukuta ukibaki majimaji, kuvu huota. Kuvu hutoa chembe ndogo mno zisizoonekana kwa macho, nasi tunazivuta pamoja na hewa. Isitoshe, wadudu wadogo wanaoishi katika vumbi la magodoro hustawi zaidi penye unyevu, na uchafu wao huamsha pumu.

Mwaka wa 2009 ofisi ya Ulaya ya Shirika la Afya Duniani ilitoa mwongozo kuhusu unyevu na kuvu majumbani. Ulieleza kwamba wakazi wa nyumba zenye unyevu wamo katika hatari kubwa zaidi ya kupata dalili za kifua na pumu. Ushauri wake mkuu ulikuwa rahisi: zuia unyevu wenyewe.

Hii haina maana kwamba kila pumu inatokana na ukuta. Pumu ina mambo mengi, yakiwemo damu ya ukoo, moshi wa jiko na mafua. Lakini mtoto mwenye pumu anayelala kando ya ukuta wenye kuvu ni kama mtu mwenye kidonda anayekikwaruza kila siku.

MOTO NA MOSHI

Watu wengi hudhani kwamba anayekufa katika moto wa nyumba huuawa na ndimi za moto. Mara nyingi muuaji ni moshi. Ndani ya moshi mna gesi ya kaboni monoksidi. Gesi hii hushika chembe nyekundu za damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, kwa hivyo mtu huzimia kwa kukosa hewa mwilini ilhali bado anapumua. Sponji na plastiki za aina fulani zikiungua hutoa pia sumu ya sayanidi. Aliyelala huenda asiamke kamwe.

Kwa sababu hiyo, swali kuhusu ukuta halikomei kwa "unaungua au hauungui?" Kuna maswali mawili tofauti. La kwanza: je, kifaa chenyewe kinashika moto na kutoa moshi? La pili: ukuta mzima, ukiwa umejengwa na kukamilika, utazuia moto usipite upande wa pili kwa muda gani? Muda huo hupimwa katika tanuri maalumu na kuandikwa kwa dakika, kwa mfano 30, 60 au 120. Ni dakika za kuwaamsha watoto na kuteremka ngazi.

Tuchukue mfano wa kibao cha jipsamu, kilichozoeleka sasa katika dari na kuta za ofisi. Karibu asilimia 21 ya uzani wa jipsamu halisi ni maji yaliyofungamana nayo. Moto ukiichoma, maji hayo hugeuka mvuke na kuondoka na joto. Mpaka maji hayo yaishe, upande wa pili wa kibao haupandi joto kwa haraka. Ni kinga nzuri. Lakini kibao hicho cha kawaida kina karatasi pande zote mbili, na karatasi ikilowa ni chakula cha kuvu. Kwa hivyo kifaa kinachokukinga na moto kinaweza kukuletea kikohozi ukikiweka mahali pasipokifaa.

KINGA MBILI ZINAPOGOMBANA

Hapa ndipo wahandisi huumiza vichwa. Katika jimbo la British Columbia nchini Kanada, maelfu ya fleti zilizojengwa katika miaka ya 1980 na 1990 zilioza kuta kwa sababu maji ya mvua yaliingia na hayakuwa na njia ya kutoka. Jambo hilo lilikuwa zito kiasi cha kuundiwa tume ya uchunguzi mwaka wa 1998. Somo lililotokana nalo ni kwamba ukuta mwema unahitaji mwanya nyuma ya gamba lake la nje. Maji yakipenya hutiririka ndani ya mwanya huo na kutoka chini, nayo hewa hupita na kukausha.

Lakini mwanya unaopitisha hewa hupitisha moto pia, kama dohani. Usiku wa tarehe 14 Juni 2017, moto ulianza katika jokofu kwenye fleti moja ya jumba la Grenfell mjini London, lenye ghorofa 24. Moto ulitoka hadi kwenye paneli zilizokuwa zimebandikwa nje ya jumba wakati wa ukarabati uliokamilika mwaka wa 2016. Paneli hizo zilikuwa na bati jembamba la alumini pande zote na plastiki katikati. Nyuma yake kulikuwa na sponji ya kuzuia baridi na mwanya wa kutoa unyevu. Moto ulipanda hadi juu kwa muda mfupi, na watu 72 wakapoteza maisha. Ripoti ya mwisho ya uchunguzi, iliyotolewa Septemba 2024, iliwalaumu baadhi ya watengenezaji na wauzaji kwa kudanganya kuhusu usalama wa bidhaa zao.

Mwanya wenyewe haukuwa dhambi. Dawa yake inajulikana. Kwenye kila ghorofa huwekwa ukanda unaoacha hewa na maji yapite siku za kawaida, lakini ukipata joto kali hufura na kuziba mwanya. Kule Grenfell, vizuizi vya namna hiyo vilikuwa na kasoro na havikuwekwa sawasawa.

Sasa unaona kwa nini wavumbuzi wengi duniani huomba hataza za kuta zinazokinza moto na kutoa unyevu kwa pamoja. Kupata kinga zote mbili katika kibao kimoja ni kazi ngumu, na atakayefaulu atauza sana.

MKAGUZI HUTAZAMA NINI?

Hataza ni haki ambayo serikali humpa mvumbuzi ili awazuie wengine kutengeneza au kuuza uvumbuzi wake bila ruhusa. Hapa Kenya haki hiyo hudumu miaka 20 tangu siku ya kuwasilisha ombi. Naye mvumbuzi hulipa kwa kuufichulia umma siri ya kazi yake. Ofisi inayoshughulikia mambo haya ni KIPI, iliyoko Nairobi, chini ya Sheria ya Mali ya Kiviwanda ya mwaka wa 2001.

Tuchukue mfano wa kubuni. Mtu analeta ombi la kibao cha ukutani. Anaeleza kwamba katikati kina madini yasiyoungua, mgongoni kina mifereji ya kuteremsha maji, na ndani ya mifereji hiyo mna ukanda unaofura kwa joto na kuiziba. Mwishoni mwa karatasi zake anaandika madai, yaani sentensi zinazoweka mpaka wa kile anachodai kuwa ni chake. Madai ndiyo moyo wa ombi. Ni kama mawe ya mpaka wa shamba.

Mkaguzi husoma madai, kisha huanza kutafuta. Hataza za dunia zimepangwa kwa mafungu kama vitabu vya maktaba. Fungu la E04B 1/70 ni la njia za kukausha majengo, na E04B 1/94 ni la kuyakinga na moto. Mkaguzi hupekua humo, na pia katika majarida na vitabu, akitafuta kazi za watu waliotangulia. Halafu hujiuliza maswali matatu.

Swali la kwanza: Je, ni kipya? Ikiwa karatasi moja ya zamani, ya nchi yoyote ile, tayari inaonyesha kibao chenye madini hayo, mifereji hiyo na ukanda huo kwa pamoja, basi dai linaanguka. Haijalishi kama mwombaji hakuijua karatasi hiyo.

Swali la pili: Je, kuna hatua ya uvumbuzi? Tuseme karatasi moja inaonyesha kibao chenye mifereji, na nyingine inaonyesha ukanda unaofura ndani ya mwanya wa ukuta. Je, fundi wa kawaida mwenye ujuzi wa kazi hiyo angeziunganisha bila taabu? Kama ndiyo, hakuna uvumbuzi. Mwombaji aweza kujitetea, kwa mfano akionyesha kwamba ukanda wa kawaida hulegea ukilowa miaka mingi, na kwamba yeye amepata njia ya kuulinda ambayo wenzake hawakuifikiria. Wengi hushindwa kwenye swali hili. Au hulazimika kusogeza mawe ya mpaka, wakadai kipande kidogo kuliko walichotamani.

Swali la tatu: Je, kinaweza kutengenezwa na kutumika katika kazi ya kiviwanda? Kwa kibao cha ukutani swali hili huwa jepesi.

Zaidi ya hayo, maelezo lazima yatoshe kumwezesha fundi mwenye ujuzi kukitengeneza. Mtu hawezi kuandika tu "madini maalumu yasiyoungua" na kunyamaza.

Sasa angalia kile ambacho hakimo katika orodha hiyo. Mkaguzi hana tanuri. Hachomi kibao, hakinyeshei maji kwa miaka mitano, wala hapimi hewa ya chumba alicholala mtoto. Kazi yake ni ya karatasi. Ni kweli kwamba sheria yetu inakataza kutoa hataza kwa uvumbuzi ulio kinyume na afya na usalama wa umma. Lakini mkaguzi hawezi kukataa madhara ambayo hayajajulikana, wala hawezi kujua jinsi fundi atakavyokibandika kibao hicho mtaani kwako.

FUNZO LA ASBESTO

Kama unadhani natia chumvi, kumbuka asbesto. Mwanzoni mwa karne iliyopita, Ludwig Hatschek wa Austria alipata hataza ya kutengeneza mabamba kwa kuchanganya simiti na nyuzi za asbesto. Yalikuwa mapya, yalikuwa na ubunifu na yalitengenezeka viwandani. Tena yalitimiza ahadi yake: hayakuungua na hayakuoza kwa maji. Yakaenea duniani kote, hata yakaezeka shule na nyumba za wafanyakazi hapa kwetu.

Madhara yalikuja polepole. Nyuzi za asbesto zikivutwa hukaa mapafuni. Huleta makovu ya mapafu, saratani ya mapafu na saratani ya utando unaoyazunguka, ambayo hujitokeza miaka 20 hadi 40, au hata zaidi, baada ya mtu kuzivuta. Leo Shirika la Afya Duniani linasema aina zote za asbesto husababisha saratani. Kanuni za Kenya za kudhibiti taka za mwaka wa 2006 ziliiweka asbesto kati ya taka hatari.

Hatuwezi kusema hataza ilidanganya. Haikuwahi kuahidi usalama. Sisi ndio tuliosoma ndani yake jambo ambalo halikuandikwa.

Msomaji, ikiwa nyumba au shule yenu bado ina mabamba ya zamani ya asbesto, usiyatoboe, usiyakate kwa msumeno, usiyasugue wala usiyavunje. Likiwa zima, bamba halitoi nyuzi nyingi. Hatari kubwa huwa katika kulivunja. Kuliondoa ni kazi ya wataalamu wenye kibali cha NEMA.

NANI BASI HUPIMA USALAMA?

Usalama hupimwa na wengine. Kuna maabara zinazochoma ukuta mzima tanurini na kutoa cheti. Kuna Shirika la Viwango, KEBS, ambalo hukagua bidhaa kulingana na viwango. Kuna serikali ya kaunti inayopitisha michoro ya jengo na kulikagua likijengwa. Ukiletewa kibao au paneli ya kubandika, muulize muuzaji maswali haya kabla ya kutoa pesa:

1. Kibao hiki kimetengenezwa kwa nini katikati? Neno "alumini" au "madini" juu ya tangazo halitoshi kama katikati ni plastiki au sponji.

2. Cheti cha kupimwa moto kiko wapi? Kilipimwa kibao peke yake, au ukuta mzima ukiwa na misumari, gundi na mwanya wake? Ulistahimili dakika ngapi?

3. Maji yakiingia nyuma yake, yatatokea wapi? Muuzaji asipoweza kukuonyesha kwa kidole njia ya maji, basi njia hiyo haipo.

4. Mwanya wa nyuma umezibwaje dhidi ya moto kila ghorofa?

5. Hataza imeshatolewa au imeombwa tu? Imetolewa nchi gani? Ombi ni ombi. Hata mimi naweza kuwasilisha ombi leo. Na hataza ya nchi moja haina nguvu katika nchi nyingine.

UKUTA WA MTOTO

Nilimrudishia yule mzazi karatasi yake nikamwomba asome yale maandishi madogo ya chini. Alisoma, kisha akacheka kwa uchungu. Kulikuwa kumeandikwa kwamba hataza imeombwa.

Nilimshauri asichukue mkopo kwanza. Kuufunika ukuta unaonyonya maji ni kama kufunga bandeji juu ya jipu bila kulikamua. Weusi hautaonekana tena, lakini utaendelea kuota gizani. Nilimwomba atafute maji yanatoka wapi, kisha arudi.

Aliporudi alikuwa na jibu. Nje ya chumba cha mtoto, mwenye nyumba alikuwa amerundika udongo wa maua ukapanda juu kuliko ile karatasi nyeusi ya msingi ambayo mafundi huiita DPC. Karatasi hiyo huwekwa ili kuzuia maji ya ardhini yasipande. Udongo ulikuwa umeyatengenezea maji daraja la kuivuka. Tena mfereji wa paa ulikuwa umetoboka, na maji yalimwagika hapo hapo kila mvua iliponyesha.

Mwenye nyumba alibisha, kisha akakubali kugharamia nusu. Udongo uliondolewa na mfereji ukabadilishwa. Mzazi aliusafisha ukuta kwa sabuni na maji, akiwa amefunika pua na mdomo na mtoto akiwa kwa shangazi yake. Kitanda kilisogezwa mbali na ukuta. Dirisha likawa linafunguliwa kila asubuhi. Plasta iliyokuwa imeoza ilibanduliwa, na ukuta ukaachwa ukauke majuma kadhaa kabla ya kupigwa plasta nyingine.

Mtoto bado ana pumu, na bado anatumia inhela yake kila siku. Usiache dawa kwa sababu umekarabati nyumba. Lakini sasa mama yake ananiambia kwamba usiku wanalala.

Nami nimeongeza swali moja katika daftari langu. Kila mtoto anayeletwa na kikohozi kisichoisha, baada ya kuuliza kuhusu homa na makohozi, namuuliza mzazi: "Anapolala, ukuta ulio karibu naye ukoje?" Nawe, msomaji, usingoje kuulizwa na daktari. Leo jioni sogeza kitanda cha mtoto, uupapase ukuta kwa kiganja cha mkono.